WhatsApp kwa kutuma tafakari ya Injili: listi, statusi ao chaneli?

Yesu asifiwe wandugu. Wengi wananiuliza natumia nini kutuma tafakari kila asubuhi na ninajuaje watu wangapi wanasoma, basi naandika vile naona mimi hapa Goma, juu njia zote tatu za WhatsApp nimezitumia.

Naanza na listi ya matangazo, ile unaandika mesaji mara moja inamfikia kila mtu peke yake, juu ndiyo naipenda zaidi. Listi moja inabeba watu 256, haizidi hapo, na mtu asiyeandika namba yako mu telefone yake hapati kitu hata kama wewe unaona umetuma, kwa hiyo kila unayemuongeza umwambie kwanza aandike namba. Uzuri wake ni kwamba unashika ile mesaji unaingia mu infos unakuta majina, huyu imemfikia, huyu amesoma. Kuko mama mumoja wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, alikuwa anafungua mapema sana kila siku, kisha jina lake likaanza kubaki chini kwa wale waliofikiwa tu, tiki za kijivu asubuhi na jioni, nikampigia simu, kumbe mtoto amelazwa. Wamama wakapanga kwenda kumuona siku ileile. Chaneli haikupi kitu kama hicho hata ikuwe na watu elfu.

Wako waliozima tiki za buluu, hao utafikiri hawasomi kabisa. Lakini audio haifichiki, mtu akisikiliza kale kamikro kanageuka buluu hata kama alizima alama za kusoma. Mimi sasa tafakari nyingi nazisema kwa sauti, dakika mbili tatu hivi zisimalize mega za watu, na wazee ambao macho imechoka wanashukuru sana.

Statusi sina mengi. Inakaa masaa 24 inapotea, na wanaoiona wanapita mbio kati ya picha za ndoa na za birthday. Hesabu yake inakuwa kubwa lakini siiwekei moyo.

Chaneli, ile watu wanaifuata wenyewe kusoma unachotuma, ilikuja 2023. Haina ule mpaka wa 256, wanaokufuata hawaoni namba yako, hii ni nzuri sana hasa kwa wadada, na mesaji zinakaa siku 30 mtu anaweza kurudia. Tarehe 15 Juni 2025, siku Floribert Bwana Chui wetu alitangazwa mwenye heri kule Roma, niliandika juu yake, kijana wa hapa Goma aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili chakula kibovu kisiingie kwa watu, wakamuua 2007. Hesabu ilipanda kuliko kitu chochote nilichowahi kutuma, watu wetu waliokimbilia Kampala na Bujumbura wakaituma tena na tena, nilifurahi kweli kweli. Kesho yake Jumatatu Injili ilikuwa Mathayo 5, ile ya kugeuza shavu la pili, na hesabu ikaanguka kabisa.

Sasa hapo ndipo niliona tofauti. Mu chaneli walibakisha emoji za mikono, basi. Mu listi waliofungua walikuwa wachache lakini waliniandikia, tena marefu, juu Injili ile kwa mtu wa Goma mwaka ule wa vita si ya kusoma kirahisi, kuko aliyeniuliza shavu la ngapi sasa, tukaongea mpaka usiku. Kama ningeangalia namba peke yake ningesema ile Jumatatu nimetuma bure.

Na hakuna hesabu hata moja ya WhatsApp inayojua kwamba kule Ndosho, mtaa wa hapa Goma, kuko baba anasomea shirika lote kwa telefone yake moja, wamama wamekaa kwa mabenchi, watoto mbele. Pale inaandika msomaji mumoja.

Nyota zangu: listi nne, chaneli tatu, statusi mbili. Kama unaanza weka kwanza watu wa shirika lako mu listi, tuma kabla hawajatoka kwenda sokoni, wakiandika uwajibu, na chaneli uifungue siku ile 256 imejaa.