Uzoefu wangu: ziara ya kutwa mjini Nara, kuifuata China ndani ya Japani ya kale

Nililipia ziara ya kutembezwa Nara kutwa nzima, kikundi kidogo na mwongozaji mmoja, mada ikiwa ni jinsi China ilivyoijenga Japani ya kale. Niseme mapema: ninaipendekeza. Nimeipa nyota nne badala ya tano kwa sababu ina pengo moja kubwa, nitalieleza.

Tulianzia eneo la kasri la Heijo. Watalii wengi hawafiki huku, na si ajabu: ni uwanja mpana wa majani, reli ya Kintetsu inapita humo humo ndani, na majengo machache yaliyojengwa upya. Kuingia ni bure. Mji mkuu ulihamishiwa hapa mwaka 710, ukapimwa kwa kuiga Chang'an, mji mkuu wa China chini ya utawala wa Tang: kasri upande wa kaskazini, barabara kuu ikishuka kusini, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, alitusimamisha kwenye Lango la Suzaku akatuambia tutazame kusini. Barabara iliyoanzia hapo ilikuwa na upana wa mita 74 hivi. Ya nini yote hiyo, wakati wapitao ni watu, farasi na mikokoteni ya ng'ombe? Ili mjumbe wa nje akiingia ajue amefika kwenye dola, si kijijini, alisema. Hapo ndipo ziara iliponikolea.

Mwenzetu mmoja akadakia, "Kwa hiyo waliiga kila kitu." Mama yule alitabasamu tu, kisha akaanza kutaja walivyoviacha. Sheria za mwaka 701 zilifuata mfano wa Tang, lakini matowashi wa kasri hawakuwachukua. Mitihani ya kuajiri maofisa ilikuwepo, ila vyeo vikubwa vilibaki kwa watoto wa koo kubwa. Na lile wazo la Wachina kwamba mfalme akiharibu, Mbingu humvua utawala na kumpa mwingine, walilikwepa kabisa. Unaona kwa nini: nani aliyekaa kwenye kiti angeingiza nchini hoja ya kumng'oa?

Karibu na lango kuna mfano wa meli zilizobeba wajumbe kwenda Tang. Panda. Ukiwa juu yake ndipo unapopata picha ya msafara wa mwaka 753, uliorudi kutoka China na meli nne. Katika moja alikuwemo Abe no Nakamaro, aliyekwenda kusoma mwaka 717 akapanda hadi kuwa ofisa wa Tang. Upepo uliisukuma meli yake hadi pande za Vietnam ya leo. Alirudi Chang'an, na huko akafa mwaka 770 bila kuiona tena Japani. Meli nyingine ilimbeba Ganjin, mtawa wa Kibuddha kutoka Yangzhou. Hiyo ikafika.

Ganjin ndiye sababu ya kwenda hekalu la Toshodai-ji, na kwangu hii ndiyo sehemu iliyostahili pesa yangu. Japani ilikuwa na watawa wengi waliojiingiza wenyewe, wengine wakikimbia kodi, na haikuwa na walimu wa kutosha wa kuwaapisha kwa utaratibu kamili. Ganjin aliombwa aje. Alijaribu mara tano, akazuiwa na maofisa, akapigwa na dhoruba, akapoteza uwezo wa kuona, na bado akapanda meli mara ya sita akiwa amepita miaka 60. Hekalu alilianzisha mwaka 759, akafa mwaka 763. Ukumbi mkuu ni wa karne hiyo ya nane, nguzo zake zimenona kidogo katikati, na pana utulivu ambao Todai-ji, hekalu lenye sanamu kubwa ya Buddha, hutaupata. Sanamu halisi ya Ganjin huonyeshwa siku chache tu mwezi Juni; siku nyingine utaona nakala.

Todai-ji tulipita mbiombio. Buddha ni mkubwa kweli, mita 15 hivi, alizinduliwa mwaka 752, na umati wa wapiga picha ni mkubwa zaidi yake.

Sasa lile pengo. Kutwa nzima tulisikia China, China, kana kwamba kila kitu kiliruka bahari moja kwa moja. Korea haikutajwa. Ubuddha uliletwa rasmi na mfalme wa Baekje, huko rasi ya Korea, katika karne ya sita, na mafundi wa mahekalu ya mwanzo walitoka huko. Hata Kuninaka no Kimimaro, msimamizi wa uchongaji wa yule Buddha mkubwa, babu yake alitoka Baekje. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba muda hautoshi. Kwa bei ile, muda wa maduka ya zawadi ulitosha.

Hekalu la Horyu-ji halimo kwenye ziara hii, litengee siku yake. Vaa viatu vya kutembea. Ukiweza nenda msimu wa vuli, Jumba la Makumbusho la Taifa la Nara linapotoa sehemu ya hazina za Shosoin, ghala la kale la Todai-ji: vyombo vya karne ya nane, vingine asili yake Uajemi. Tiketi zake huuzwa mapema kwa siku na saa maalumu, na ziara haikununulii.