Bima ndogo au bima kubwa kwa gari la Kigoma?

Kisheria bima ndogo inatosha: humlipa mtu uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Gari lako likipinduka, hulipwi hata senti. Kwa gari binafsi ni takriban shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo.

Bima kubwa hulipia na gari lako, hata likiibwa au kuungua, ila kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani: gari la milioni 20 ni 700,000 kabla ya VAT. Kama ni la mkopo, au unalitegemea kwa safari za Kasulu na Kibondo, ningekata kubwa. Gari kuukuu la kuzunguka Mwanga na Ujiji, ndogo, na tofauti uiweke akiba.

Yoyote utakayokata, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla hujaachana na wakala.