Uzoefu wangu wa msafara wa baiskeli: siku ya Babati hadi Kondoa

Kampuni niliyosafiri nayo huandaa msafara wa baiskeli unaoivuka Tanzania kutoka Namanga hadi Tunduma kwa kufuata Barabara Kuu ya Kaskazini, takribani kilomita 1,200, na humruhusu mtu kulipia kipande anachokimudu. Mimi nilichukua kipande cha Arusha hadi Dodoma. Sitasimulia siku zote, kwa kuwa ile ya Babati hadi Kondoa peke yake, yenye kilomita mia moja na ushee, ilitosha kunionyesha ni wapi kampuni hiyo imekamilika na ni wapi inapwaya.

Tuliondoka Babati alfajiri, baada ya uji wa ulezi, mayai na viazi vitamu. Kila mmoja alivaa reflekta, na kiongozi akatupanga mmoja nyuma ya mwingine, jambo aliloendelea kulisimamia kwa ukali uliostahili, kwa sababu lami hii nzuri ya Babati hadi Dodoma, yenye kilomita 251 na iliyozinduliwa mwaka 2018, imewapa mabasi ya Arusha mwendo ambao mpanda baiskeli hausikii mpaka honi imemfikia mgongoni. Baiskeli za kukodi zilikuwa na breki za diski na gia zinazoingia bila kukwaruza. Kuanzia Bonga, mbaazi zilizovunwa zilikuwa zimeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na watoto walikuwa wakizilinda dhidi ya mbuzi.

Kazi yenyewe inaanzia mlima wa Bereko. Hapo ndipo kundi linapogawanyika, kwani vijana wenye mapafu hutangulia na sisi wengine tukabaki tukihesabu nguzo za umeme, na hapo ndipo unapotambua fedha yako imelipia nini. Baiskeli unaweza kununua, barabara ni ya umma, na chakula kinapatikana kwa mama lishe. Unachonunua katika msafara wa kundi ni namna wanavyomtendea mtu wa mwisho. Kijana aliyepewa kazi ya kufunga msafara hakunipita hata mara moja, wala hakunihimiza kwa yale maneno ya kutia moyo yanayochosha kuliko mlima. Kabla ya kona ya kwanza alisogea kando yangu akasema, “Mama, weka gia nyepesi sasa hivi, ukishaanza kukaza mnyororo utagoma kuhama.” Nilifanya hivyo, na kweli nilipanda bila kushuka, ingawa kwa mwendo ambao mwenye jembe begani angeweza kunisindikiza akitembea.

Baada ya Bereko tairi langu la nyuma lilipata pancha. Fundi alishuka kwenye gari la huduma, akatoa tyubu, kisha badala ya kuweka mpya papo hapo alipitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, mpaka kikanasa. Ulikuwa mwiba wa mgunga, umekatika na kuacha ncha isiyozidi punje ya mchele, ambayo ingetoboa tyubu ya pili kabla hatujafika mbali. Aliung’oa kwa koleo, akaniomba nipitishe kidole nihakikishe, kisha tukaendelea. Kwa upande wa ufundi sina ninachowadai.

Ninachowadai ni Kolo, kijiji kilicho njiani kabla ya kufika Kondoa. Tangazo la safari lilionyesha michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, nami kwa kweli nililipa kwa ajili yake. Tulipofika Kolo tulipewa maji, ndizi na dakika chache za kupumzika mbele ya kibao kinachoelekeza kwenye michoro, kisha tukaambiwa muda hautoshi. Muda usingeweza kutosha kwa vyovyote: mtu anapaswa kupitia ofisi ya mambo ya kale kijijini, apate kibali na mwongozaji, afuate njia ya vumbi kwa kilomita kadhaa, halafu apande kilima kwa miguu. Aliyepanga ratiba alilijua hilo, na kuweka picha ile kwenye tangazo si uungwana.

Vilevile hakuna aliyetueleza tunapita katika ardhi gani. Makorongo mekundu na mito ya mchanga unayoiona huku ndiyo yaliyoifanya Serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika ili majani na miti ipate kurudi. Mpanda baiskeli anaiona kazi hiyo kuliko abiria wa basi, kwani anapita taratibu na anaweza kutofautisha korongo lililoshikwa na mizizi na lile linaloendelea kumeguka. Kiongozi wetu alikuwa hodari wa kuhesabu watu na kilomita. Maelezo ya namna hii nililazimika kumpa yeye.

Kilomita za mwisho zilikuwa za upepo wa mbele, ambao wakati wa kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki na kumchosha anayeelekea Dodoma kuliko mlima wowote, maana mlima una kilele. Waliotangulia walisubiri tukanyonga kwa zamu nyuma ya mgongo wa mwenye nguvu, nasi tukaingia Kondoa pamoja jua likizama. Nyumba ya wageni ilikuwa safi na maji ya moto yalikuwepo. Chakula kilichelewa.

Bei ni kubwa kwa Mtanzania wa kawaida, ila kwa gari, fundi na kijana yule naiona ya haki. Anayetaka michoro adai kwa maandishi, kabla ya kulipa, kwamba siku hiyo itaishia Kolo na kwamba Kondoa itafikiwa kesho yake.