Tahadhari: "fensi kamili kwa bei moja" inayotangazwa Kisauni hadi Shanzu

Asalaam aleikum, Wapwani wenzangu. Mimi ni fundi wa fensi na mageti, na kazi zangu nyingi ziko hapa Mombasa: Kisauni, Mshomoroni, Bamburi mpaka Shanzu. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni kuwa atakuzungushia ploti ya futi 50 kwa 100 kwa bei moja tu: nguzo, waya, mafundi na usafiri, vyote ndani. Bei inatamanisha. Hakuna fundi mkweli anayeweza kuifikia, na hilo peke yake lingetosha kumstua mtu, ila watu wana haja na pesa hazitoshi. Nimeshaitwa kurekebisha kazi zake mara kadhaa na zote zina ugonjwa uleule. Nitawaeleza ugonjwa ulipo, maana jina halitawasaidia, kila baada ya muda anakuja na jingine.

Tuanze na waya, ndiko anakokula zaidi. Karatasi inayoning'inia kwenye roli imeandikwa cheni linki (ule waya wa kusukwa wenye macho), futi 6, mita 18, geji 14. Kwa mama mmoja wa Utange tulifungua roli iliyobaki, tukailaza chini bila kuivuta, tukaweka tepu. Mita 15. Sasa mbona roli 5 za namna hiyo zilizunguka ploti yote? Zilivutwa. Cheni linki ukiivuta kupita kiasi inarefuka kweli, lakini macho yake yanalala ubavu na kimo kinashuka. Ile fensi ya "futi 6" ilikuwa imebaki futi 4 na nusu, mbuzi wa jirani anaingia na kutoka apendavyo. Kwa hivyo ukitaka kujua kama umeibiwa urefu, angalia jicho la waya: upana wake na kimo chake viwe sawa. Ukiona jicho limelala, pima kimo cha fensi papo hapo, kabla fundi hajaondoka.

Geji, yaani namba ya unene wa waya, nayo ina mchezo wake. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 12 na nusu ni kama milimita 2.5, geji 14 ni kama 2, geji 16 ni kama 1.6. Huyu bwana alimwambia yule mama, "Mama yangu, wewe nimekupendelea, wenzako nawapa 14, wewe nimekutilia 16!" Na mama akamshukuru. Utamlaumuje, duniani ni vitu vingapi ambavyo namba kubwa ndiyo ndogo? Kama huna kifaa cha kupima unene, tumia mizani. Roli ya geji 16 ina uzito wa kama thuluthi mbili tu ya roli ya geji 14 yenye urefu, kimo na macho yaleyale. Muuzaji wa vyuma chakavu wa mtaani kwenu ana mizani, na hatakunyima.

Halafu kuna kung'aa. Huku kwetu hewa ina chumvi, na waya usiotiwa zinki vizuri hauchukui muda kuanza kutu, hasa ukiwa karibu na ufuo. Baadhi ya roli zake zimepakwa rangi ya fedha tu. Chukua kitambaa, kitie thina, sugua. Rangi itatoka kwenye kitambaa, zinki haitoki. Hata ule waya uliovishwa plastiki ya kijani, chuna kidogo kwenye ncha uone ndani kuna nini, maana plastiki huficha mengi.

Nguzo za zege ndizo zilizoniuma zaidi, kwa sababu hizo zinaweza kumwangukia mtoto. Nguzo ya zege inafaa iwe na vyuma vinne, kimoja kila pembe, vimefungwa pamoja kutoka juu hadi chini. Moja iliyovunjika Utange ilikuwa na waya wa kufungia tu, nyuzi mbili zimesokotwa, basi. Na zege lenyewe lilikuwa na vipande vya kombe. Mchanga ulitoka ufukweni. Mchanga wa bahari haujaoshwa, una chumvi, chumvi inakula chuma, na chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua nguzo kwa ndani. Utaona ufa mrefu unaoshuka wima, na nguzo bado ni mpya. Muuzaji mkweli hatakataa ukimwambia, "Nitainunua nguzo hii moja, tuivunje hapa." Atakayekasirika ameshakujibu.

Wanaochukua za miti pia wajihadhari. Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, ukiikata ncha, utaona duara la ukijani limeingia ndani ya mti. Alizouza huyu zilikuwa zimepakwa oili chafu ya gari, nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani. Mchwa walizimaliza kwenye usawa wa udongo. (Ukiikata kujaribu, ule upande uliokata uweke juu, usiufukie.)

Mashimo sasa. Sehemu nyingi za Bamburi na Nyali ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, na hapo ndipo kibarua wa kulipwa kwa haraka anapoacha mtaimbo. Anachimba futi moja, anasimamisha nguzo, anarundika zege juu kama kichuguu ili ionekane imara. Mvua za masika zikija na upepo wa kusi ukianza, fensi nzima inalala upande mmoja. Futi 2 ndicho kina, jiwe liwepo lisiwepo. Simama na tepu mashimo yakiwa bado wazi.

Jinsi anavyochukua pesa: kwanza anaomba asilimia 70 "ya kutoa mzigo kiwandani", kwa namba ya simu ya kawaida, si till ya duka. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si lake wala si la duka. Ukiuliza, ni la "mhasibu wetu". Kisha siku ya mzigo anakupigia: lori limezuiwa mizani Mariakani, tuma elfu chache liachiwe, utakatiwa kwenye salio. Ukiwa Likoni hadithi inageuka kuwa ya feri. Wengine wameishia hapo, mzigo hawakuuona. Waliobahatika wanaletewa Magharibi, giza linaingia, vibarua wanashusha mbio na dereva anapiga honi. Saa hiyo hakuna mtu anayehesabu nguzo, sembuse kupima waya. Usipokee mzigo usiku. Mwambie alale nao.

Na wale wanaotegemea namba 456 ya Safaricom: ile ni ya kurudisha pesa iliyokwenda namba usiyoikusudia. Pesa uliyomtumia mtu kwa ridhaa yako ni habari nyingine, na huyu huitoa dakika ileile.

Najua mtu atasema, "Fundi, unapigia debe kazi yako." Haya, chukua hesabu hii umpe fundi yeyote umtakaye. Ploti ya 50 kwa 100 mzingo wake ni futi 300, karibu mita 91 na nusu. Toa geti la mita 4, zinabaki 87 na nusu. Roli za kweli za mita 18 ni 5. Nguzo kila mita 3, zinakuja kama 30. Yeye anaziweka kila mita 4, kwa hivyo anakupa kama 23, na waya unalegea katikati. Ongeza mikono miwili ya kuegemeza kila nguzo ya kona na moja moja kwa nguzo za geti. Watu wengi huiruka mikono hiyo wakidhani wanaokoa, kumbe kona ndiyo inayobeba mvuto wote wa waya. Kisha nyuzi tatu za kuvutia: juu, kati na chini. Ukiwa na karatasi yenye hesabu hiyo, nenda mwenyewe kwenye hadiwea za Mwembe Tayari au Kongowea, uliza maduka matatu bei ya kitu kimoja kimoja, udai risiti. Fundi mlipe kazi tu, kwa nguzo au kwa mita, na umalize malipo waya ukishavutwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na "bei moja kwa kila kitu" ni mali bila daftari.

Pa kuokolea pesa kwa halali papo. Ongea na jirani: mpaka ni wenu wawili, na upande mmoja wa futi 100 mkigawana thuluthi ya fensi yako umeipata kwa nusu bei. Hakikisheni kwanza bikoni (alama za mpaka wa ploti) zipo mahali pake, maana kuhamisha fensi ni ghali kuliko kuijenga. Mawe ya matumbawe yatie mbele tu kwenye barabara, ubavuni na nyuma tia waya. Na kama huna haraka, panda michongoma kwa ndani ya waya mwepesi, ikishashikana hata waya ukifa hujali.

Waliokwisha kupigwa msikae kimya. Piga ripoti polisi mpate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hifadhini ujumbe wa M-Pesa, tangazo, na sauti zake za WhatsApp, msizifute kwa hasira. Kama mnamjua alipo, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Yule mama wa Utange ameshaanza, baada ya mwanawe kumfuatilia mtu huyu hadi anapopaki lori.

Kumtambua akija na jina jipya: picha hazibadilishi. Kuna moja ya geti la buluu lenye michoro ya mishale, nyuma yake mnazi ulioinama kulia. Geti hilo nililichomelea mimi, liko Shanzu, na mwenye nyumba hamjui mtu huyu kabisa. Ukiiona picha hiyo kwenye tangazo lolote la fensi, ndiye.