Kadi za besiboli za mtindo wa kizamani: ipi ununue kama unawapenda wachezaji waliosahaulika

Ukitaja kadi za besiboli watu wanawaza zile za mamilioni tu, kama ile ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, alafu wanakata tamaa hapo hapo. Hizo tuziache. Naongelea kadi mpya zinazotengenezwa kwa sura ya zamani, msanii anamchukua mchezaji ambaye kampuni za sigara na za babu gamu (ndizo zilizokuwa zinatia kadi kwenye pakiti zao zamani) hazikumjali, anamchora au anatafuta picha yake ya kweli, anamweka kwenye kadi inayofanana na za 1910 au 1933, na nyuma anaandika habari zake. Kwangu mimi upande wa nyuma ndo unaamua kila kitu, kwa hiyo nimezipanga kwa kuangalia hilo: ukiigeuza, unamjua mtu au humjui?

Namba moja ni kadi za msanii anayefanya utafiti wake mwenyewe. Helmar wa Michigan wanajulikana sana hapa, kazi zao zinapigwa mnada eBay, ila wapo pia wasanii wadogo wanaochapa kadi chache chache na wengine ukiwaomba mchezaji wako wanakutengenezea. Bei inapanda kulingana na kama ni mchoro wa mkono au ni chapa tu, kwa hiyo uliza kabla hujalipa, na uliza zimechapwa ngapi. Alafu omba picha ya nyuma ya kadi, muuzaji akileta longolongo achana naye. Ukishaipata soma taratibu. Mfano Moses Fleetwood Walker, mdakaji mweusi aliyecheza Toledo mwaka 1884 kwenye ligi kuu ya Marekani, mechi 42, wastani wa kupiga wa .263 (kama mara 26 katika kila zamu 100), na baada ya msimu ule mlango ukafungwa kwa weusi mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947. Kadi ikisema Robinson ndo mweusi wa kwanza kabisa kwenye ligi kuu, basi aliyeiandika hajasoma. Au Moonlight Graham, huyu aliingia uwanjani na New York Giants tarehe 29 Juni 1905, mechi moja tu, hakupata hata zamu ya kupiga, akaenda zake kuwa daktari Chisholm, Minnesota, na akafariki 1965. Ukikuta kadi ya Graham imejazwa mapigo ya ligi kuu, iache hata kama mchoro ni mzuri kiasi gani.

Na kuna sababu kubwa ya kuziweka hizi juu. Enzi zile ligi za weusi, Negro Leagues, hazikupewa kadi Marekani kama walivyopewa wazungu, yaani wanaume waliocheza miaka kumi, kumi na tano, hawana hata karatasi moja yenye sura yao. Josh Gibson, ambaye takwimu zake zilipoingizwa rasmi kwenye rekodi za ligi kuu mwaka 2024 wastani wake wa kupiga wa .372 ukawa wa kwanza wa wakati wote, kadi yake inayosakwa zaidi na wakusanyaji ilichapwa Puerto Rico 1950-51 wakati mwenyewe alishafariki Januari 1947. Sasa kama Gibson alikuwa hivyo, fikiria wale wa chini yake. Toni Stone je, mwanamke aliyecheza besi ya pili Indianapolis Clowns mwaka 1953 pamoja na wanaume? Msanii anayekaa chini kumtafutia mtu kama huyo picha nzuri na kumwandikia mistari sita ya kweli anafanya kazi ya maana sana, na mimi pesa yangu naipeleka huko bila kusita.

Namba mbili, seti ambazo wakusanyaji wenyewe walizitengeneza zamani kidogo. Ile ya Laughlin ya 1974 ya nyota weusi ina kadi 36 za kuchora, na ile ya Fritsch ya 1986 ina kadi 119 za Negro Leagues. Ya Fritsch ndo ningemwambia mtu anayeanza aitafute, maana kwa mkupuo mmoja unapata majina mengi ambayo huyapati kwingine. Hapa hapa niweke na seti za Conlon za kuanzia 1991, picha za mpiga picha Charles Conlon nyeusi na nyeupe, nzuri mno, na zilichapwa nyingi sana kwa hiyo ni bei rahisi.

Namba tatu jitengenezee. Maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, imeweka mtandaoni bure zaidi ya kadi 2,000 za kuanzia 1887 mpaka 1914 pamoja na picha nyingi za magazeti za enzi hizo, na kwa Marekani kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru kutumia. Chukua karatasi nene isiyong'aa, kata saizi sahihi (T206, seti ya pakiti za sigara ya 1909 mpaka 1911, ni kama inchi 1 na 7/16 kwa 2 na 5/8, ndogo kuliko za siku hizi), na nyuma andika mwaka ulioichapa ili kesho isije ikamdanganya mtu.

Ukitaka karatasi halisi ya zamani, T206 ina kadi zaidi ya 500 na wengi humo ni watu wa kawaida kabisa, hata wa ligi ndogo za kusini. Iliyochakaa ya mchezaji asiye maarufu mtu wa kawaida anaweza kuimudu, ila nunua iliyokwisha pimwa na PSA au SGC, kampuni zinazothibitisha kadi ni halisi na kupima ubora wake.

Za mwisho kabisa ni kopi zisizo na jina la mtengenezaji. Wengine wanazisugua na kuzipaka chai ziwe na sura ya uzee, alafu wanaandika tu "ya zamani, sijui historia yake". Imulike na taa ya yuvii (UV, kama ile ya kukagulia noti) gizani, karatasi nyingi za kisasa zinawaka bluu kwa sababu ya kemikali za kung'arisha, ya 1910 haitakiwi kuwaka.

Kama unaagiza uletewe Dar au Nairobi, lipia usafiri wenye namba ya kufuatilia na mwambie muuzaji aiweke kwenye kava gumu, bahasha tupu inakunja kona. Na kama hujui uanze na nani, omba William Hoy, kiziwi aliyecheza 1888 mpaka 1902 akapata mapigo zaidi ya 2,000, na mwaka 1889 aliwahi kuwatoa wakimbiaji watatu kwenye besi ya nyumbani ndani ya mechi moja, akirusha kutoka mbali kule nje.