Kozi ya Kijapani niliyoilipia inafundisha vitenzi kimakosa

Bado nina hasira, na naandika hivyo hivyo.

Kozi hii ya mtandaoni niliilipia kwa M-Pesa, nikijiandaa kwa JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, ngazi ya N5, ile ya chini kabisa. Hiragana na katakana, herufi za Kijapani, wanazifundisha vizuri, nisiwanyime haki yao. Sauti ni safi na mazoezi yanavutia. Hadi pale ningewapa nyota nne. Kisha tukafika kwenye jedwali la makundi ya vitenzi, yanayoamua jinsi kitenzi kinavyobadilika mwisho wake.

Mwalimu wa video anasisitiza: kitenzi kikiishia -iru au -eru ni cha kundi la pili, toa ru, weka masu (mwisho wa adabu), basi. Suru na kuru ni kundi la tatu, vilivyobaki kundi la kwanza. Hakuna neno hata moja kuhusu vitenzi vinavyoikataa kanuni hiyo, na si vitenzi adimu: kaeru (kurudi nyumbani), hairu (kuingia), hashiru (kukimbia), shiru (kujua), kiru (kukata). Vyote ni kundi la kwanza, na vyote ni vya kila siku!

Kwenye jaribio nikaandika kaerimasu, umbo la adabu la kaeru ya kurudi nyumbani: kundi la kwanza ru hugeuka ri kabla ya masu. Programu ikaweka alama nyekundu na kunipa "jibu sahihi": kaemasu. Hiyo ni ya kaeru nyingine kabisa, ya kubadilisha kitu.

Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa adabu: "Samahani mwalimu, hiki si cha kundi la kwanza?" Akajibu mbele ya wote: "Kwa ngazi yako kanuni hiyo inatosha. Usiwachanganye wenzako." Nilipotuma mifano ya kitenzi hicho hicho, ukanushi wake kaeranai na umbo la kuunganisha kaette, akafunga kundi, wakabaki wasimamizi tu wenye ruhusa ya kuandika. Nimelipa, nimeuliza swali la somo, nanyamazishwa kama mtoto mkorofi!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe linaelezeka kwa dakika chache. Tazama ukanushi: kundi la kwanza lina a kabla ya nai (mwisho wa kukanusha), kundi la pili halina. Kiru ya kukata ni kiranai; kiru ya kuvaa ni kinai. Iru ya kuhitaji ni iranai. Iru ya kuwepo ni inai. Jifunze kitenzi pamoja na ukanushi wake, kundi utalijua papo hapo. Umbo la masu peke yake halitoshi: karimasu (kuazima) na kaerimasu zinafanana mno, lakini ya kwanza ni kundi la pili, inatokana na kariru.

Na sisi wa Kiswahili jambo hili tunalo nyumbani. Tunasema hasomi, haendi, lakini hafikiri na hasamehe, kwa sababu vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho. Mwalimu angetuanzia hapo, darasa zima lingemwelewa.

Nilikusudia kuwapa nyota mbili kwa ajili ya hiragana. Pengine kwa anayetaka kusoma herufi tu zinastahili. Lakini hiragana zimejaa bure mtandaoni, na juzi dada mmoja wa kundini aliniandikia pembeni kwamba jedwali lile amelikariri lote, na mtihani wake u karibu. Sasa itabidi alifute kichwani aanze upya. Nyota moja. Nataka pesa yangu irudi, na jedwali lile liondolewe leo hii.