Chati ya maneno ya aljebra: 5,000 yangu na "u" iliyopotea

Nauza viazi soko la Mwanjelwa, Mbeya, hesabu za kichwani hazinibabaishi. Lakini mwanangu wa darasa la saba aliponiuliza, "Mama, kigawe na kigawo tofauti yake nini?" nilijifanya natafuta chenji.

Wiki hiyohiyo nikanunua hii chati ya ukutani kwenye steshenari ya hapahapa karibu na soko. Walitaja 6,000, tukaelewana 5,000. Imefunikwa nailoni pande zote, na kwa jiko langu la mkaa karatasi tupu isingemaliza mwezi.

Ninachoipendea, maneno yanayofanana yamekalishwa jirani. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, vinaendelea bila mwisho. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12 yenyewe, basi. Kumbe ndiyo maana KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ni ya kigawe na KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) ni ya kigawo! Mimi nilizikariri tu hadi nikamaliza shule.

Mlinganyo wameuchorea mizani, na mizani ndiyo kazi yangu: ukipunguza huku, punguza na kule. Nikamtungia wa kwetu. Sado tatu za viazi na bajaji 2,000, jumla 14,000. Akaandika 3x + 2,000 = 14,000, akatoa 2,000 pande zote, akagawa kwa 3, akapata 4,000. "Kwa hiyo x ni sado!" Nikamwambia hapana mwanangu, x ni bei ya sado. Sado ni kopo tu.

MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa kufanya hesabu (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), nayo ipo, kubwa, rangi nyekundu. Safu ya Kiingereza, ambayo ndiyo atakayoihitaji akijaliwa kidato cha kwanza, wameibana pembeni kwa maandishi ya kusomea miwani.

Sasa kero. Wameandika "kipeo cha pili cha 49 ni 7". Ni kipeuo! Kipeo cha pili cha 49 ni 49 mara 49, yaani 2,401. Mtoto aliiamini chati, akakosa swali kwenye jaribio la Ijumaa. Nikarudi dukani, kijana ananijibu, "Mama, si herufi moja tu?" Kubadilisha hakutaka.

Nimeichomeka "u" mwenyewe kwa kalamu. Ila juu ya nailoni wino haushiki. Kila nikipangusa masizi inafutika, naandika upya.